Kompyuta ya kujitolea nayo hula umeme

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yenu ya barua nitoe maoni kuhusu makala mliyochapa hivi karibuni, iliyozihimiza shule za sekondari za Nyanda za Juu Kusini zisiuze kompyuta zao kuukuu kama chuma chakavu, bali ziziache ziwake usiku kucha zikiwasaidia wanasayansi kukokotoa. Nia ya mwandishi ni njema, na mimi mwenyewe nimeshiriki shughuli hiyo kwa miaka kadhaa hapa Uyole. Kilichonifanya nishike kalamu ni neno "bure", ambalo amelirudia mara tatu katika makala ile.

Kwa asiyeijua shughuli yenyewe, mtu hupakua programu ambayo huleta vipande vya hesabu kupitia intaneti, kompyuta ikavikokotoa pale isipokuwa na kazi nyingine, kisha ikarudisha majibu. Mradi wa SETI@home wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulianza mwaka 1999 ukitafuta dalili za viumbe wenye akili huko angani, na uliacha kugawa kazi mwaka 2020. Rosetta@home wa Chuo Kikuu cha Washington huchunguza maumbo ya protini. Mimi nilivutwa na mradi wa mvua za Afrika uliozinduliwa mwaka 2019 chini ya World Community Grid, jukwaa linalounganisha miradi ya namna hii, kwa sababu mtu anayelima mahindi na viazi katika mkoa huu hahitaji kushawishiwa juu ya faida ya kuijua mvua.

Sasa nirudi kwenye hilo "bure". Kompyuta iliyowashwa ikiwa haina kazi haili umeme sawa na ile inayokokotoa kwa nguvu zake zote. Nina kifaa kidogo cha kupimia umeme, ambacho huchomekwa kwenye soketi, na plagi ya kompyuta ikachomekwa juu yake. Kompyuta yangu ya zamani ya mezani, yenye prosesa ya viini vinne (yaani sehemu nne za kukokotoa), ilisoma wati 62 ikiwa imekaa tu na wati 135 ilipokuwa ikikokotoa. Hii mpya niliyoinunua mwaka huu kwa ajili ya masomo ya binti yangu ni ndogo kama kamusi, ina viini vinane, nayo ilisoma wati 9 ikiwa imetulia na wati 58 ikiwa kazini.

Kasi pekee haielezi kitu mpaka uilinganishe na uniti za umeme, ambapo uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Kwa wastani wa wiki nzima ya vipande vya aina moja, ile ya zamani ilimaliza vipande 16 kwa siku ikila uniti 3.24, na mpya ilimaliza vipande 64 ikila uniti 1.4 hivi. Maana yake, uniti moja ilinipa vipande vitano hivi kwenye mashine ya zamani na vipande 46 kwenye mpya. Kisha nikaingia kwenye mipangilio na kuipunguzia prosesa ya hii mpya kiwango cha umeme, jambo ambalo wauzaji hawalitaji kabisa. Mashine nzima ikashuka hadi wati 38, na vipande vikapungua kutoka 64 hadi 55 tu kwa siku. Nilipoteza sehemu ya saba ya kazi na kuokoa theluthi ya umeme, kwa kuwa ongezeko la mwisho la kasi ndilo linalodai volti kubwa, na volti ikipanda kidogo matumizi hupanda zaidi.

Kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Nyumba iliyo kwenye bei ya matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa kila uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na kila uniti inayozidi hapo ni shilingi 350, kabla ya kodi na tozo. Familia inayotumia uniti 45 ikiongeza kompyuta yangu mpya, ambayo kwa wati 38 mchana na usiku hula uniti 27 kwa mwezi, itafika 72 na kuongeza shilingi 2,700. Ikiongeza ile ya zamani, yenye uniti 97, itafika 142 na kuongeza shilingi 26,450, na ikiendelea hivyo inaweza kutolewa kabisa kwenye bei hiyo. Hapo hatujagusa bando, ingawa kwa miradi mingi bando si mzigo mkubwa.

Najua nitajibiwa kwamba huku kwetu joto la kompyuta si hasara. Ni kweli kwamba mwezi wa Julai mama watoto alikuwa akiweka beseni la unga wa maandazi nyuma ya ile mashine ya zamani ili uumuke, na paka hakutaka kulala penginepo. Lakini wati 135 haziwezi kupasha chumba joto asubuhi ya Julai hapa Mbeya, na ikifika Novemba joto lile lile unalilipia bila kulihitaji. Isitoshe, hewa ya miinuko hii ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, kwa hiyo feni hupooza kwa shida zaidi, hasa ikishajaa vumbi la kiangazi.

Wauzaji nao wana sehemu yao. Katika duka nililonunulia, nilipouliza matumizi ya umeme nilijibiwa kuwa "hii haili umeme", na boksi halikuwa na neno lolote juu ya jambo hilo. Kinyume chake, jirani yangu ameifungia yake kabatini kwa kuwa aliona pawa saplai, kifaa kinachoigawia kompyuta umeme, imeandikwa wati 500, akadhani ndiyo matumizi, kumbe ule ni uwezo wake wa juu kabisa.

Nikirudi kwenye shule, kompyuta 20 kuukuu kama ile yangu zikiwaka saa 12 za usiku zitakula zaidi ya uniti 32 na kumaliza vipande 160. Kompyuta sita ndogo kama hii mpya, zikiwa zimepunguzwa hadi wati 38, zitamaliza vipande 165 kwa uniti zisizofika tatu. Sisemi shule zinunue mashine mpya kwa ajili ya kujitolea, kwani shughuli hii tangu mwanzo ilikusudia kutumia kompyuta zilizokwisha kununuliwa kwa kazi nyingine. Zile kuukuu bado zinafaa kumfundishia mwanafunzi kuchapa na kutengeneza majedwali, saa mbili tatu kwa siku, kisha zikazimwa.

Naomba mwandishi wenu atakaporudi katika shule aliyoitembelea, kabla ya kuhesabu kompyuta, amuulize mkuu wa shule LUKU ya maabara ile hununuliwa kwa fungu gani.

Mwalimu mstaafu wa fizikia,
Uyole, Mbeya