Mafunzo ya kuosha maiti yaongezwe jioni moja

Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu mafunzo ya mazishi yanayotolewa misikitini kwetu hapa Tanga.

Miaka sita iliyopita nilikaa jioni nne na akina mama wenzangu tukifundishwa kuosha na kukafini. Mwalimu wetu, bibi wa makamo mwenye mikono myepesi, alimlaza mmoja wetu mkekani, akamfunika shuka toka kitovuni hadi magotini, akatuonyesha namna ya kupitisha mkono uliofungwa kitambaa bila kufunua sitara. Kulia kwanza. Maji ya majani ya mkunazi, na karafuu maiti katika maji ya mwisho. Vile vipande vitano vya sanda ya mwanamke tulivikata na kuvitandika wenyewe, tukarudia mpaka akaridhika.

Mama yangu alipofariki mwaka jana, nilimwosha mimi. Nilitetemeka hadi nilipomwaga kata ya kwanza. Baada ya hapo mikono ilijua njia. Anayeuliza kama elimu ya kifo inafaa kitu, jibu langu ndilo hilo.

Lakini elimu ile ilianzia pale roho ilipokwisha kutoka. Mama aliugua saratani ya shingo ya kizazi, na wakati wa ugonjwa hatukujua lolote. Alipopewa morfini ya kunywa, dawa ya maumivu makali, kaka yangu aliificha chupa nyuma ya kabati akiamini ni dawa ya kummaliza mgonjwa. Nami nilimwunga mkono. Kwa usiku tisa mfululizo mama aliuma ncha ya kanga yake ili majirani wasisikie.

Muuguzi wa tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia maumivu mgonjwa mahututi, alipokuja nyumbani, nusu saa ilimtosha kutueleza: dawa hunywewa kila baada ya saa nne bila kungoja maumivu yapande, huanza kwa kipimo kidogo, na ikipimwa vizuri haiharakishi kifo. Usiku ule mama alilala. Asubuhi aliomba uji, kisha akatutajia madeni yake, hata elfu arobaini ya kikoba, na akausia sehemu ya nazi za shambani iende madrasa, ndani ya ile theluthi ya mali ambayo dini humruhusu mtu kuiusia. Angeyasema lini yote hayo, na maumivu yale?

Wenzetu Uganda wana hospisi, yaani kituo cha kuwahudumia wagonjwa wasiotarajiwa kupona, inayotoa morfini ya kunywa tangu 1993, na mwaka 2004 sheria iliwaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuwaandikia wagonjwa dawa hiyo wenyewe. Huko elimu ilimfikia mgonjwa angali hai.

Nawaomba masheikh na walimu wetu waongeze jioni ya tano: maumivu, madeni na wosia. Wanaume nao waitwe, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wenye kauli juu ya dawa nyumbani. Muuguzi yule nimeshazungumza naye. Yuko tayari kuja Alhamisi yoyote baada ya Alasiri, bila malipo.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga