Kabla ya Kukukodishia Hema la Saadani, Tunakuuliza Mwezi Una Siku Ngapi

Wateja wanaotupigia simu kukodi mahema kwa ajili ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani hushangazwa na swali letu la kwanza. Kabla ya kuuliza watakuwa watu wangapi au watalala siku ngapi, tunauliza siku ya safari yao mwezi utakuwa mwandamo, mpevu au katikati ya hapo. Wapo wanaodhani ni mambo ya unajimu, na kwa kuwa swali hili tutaendelea kuliuliza, tumeona ni haki yao kuelezwa sababu yake.

Saadani, iliyopandishwa hadhi kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina eneo la takriban kilomita za mraba 1,100 kati ya Bagamoyo na Pangani, na ndipo mahali ambapo mbuga ya tembo na twiga inashuka hadi kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi. Anayepiga hema huko anakuwa mgeni wa pori na wa bahari kwa wakati mmoja. Kwa uzoefu wetu, karibu kila mteja huuliza habari za simba, lakini ni wachache mno wanaouliza habari za maji.

Wakati wa bamvua, yaani siku zinazofuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, tofauti ya kimo cha bahari kati ya maji kupwa na maji kujaa katika pwani yetu huzidi mita 3, na kwa kuwa ufukwe wa Saadani una mteremko mdogo, kimo hicho kinageuka kuwa eneo pana sana la mchanga ambalo asubuhi ni kavu na jioni ni bahari. Katika siku hizo maji hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano. Hapo ndipo penye mtego. Familia moja tuliyoihudumia ilifika saa tano asubuhi, ikaona mchanga umetandaa, mweupe na mtulivu, ikasogeza hema hatua kama arobaini mbele ya eneo ililopangiwa ili watoto wawe karibu na maji. Jioni bahari ilifika jirani ikasimama, nao wakaamini kwamba huo ndio mwisho wake. Alfajiri mama aliamshwa na ubaridi mgongoni. Alipopapasa godoro, likachuruzika maji. Hakuna aliyedhurika, nasi tunamshukuru Mungu, lakini kosa lile tulilihesabu kuwa letu, kwa sababu tuliwakabidhi hema bila kuwaambia lolote kuhusu bamvua.

Tangu hapo, kila mteja anaondoka na karatasi yenye saa za maji kujaa kwa kila siku atakayokuwa huko. Hata hivyo ufukwe wenyewe unasema, na mtu anaweza kuusoma bila karatasi: tafuta mstari wa mwani mkavu, vijiti na maganda ya kome ulioachwa na maji ya juu, uuvuke, kisha uendelee kupanda mpaka ukute mimea inayotambaa au mivinje iliyokomaa, kwa sababu mimea hiyo isingestawi mahali panapofunikwa na bahari mara kwa mara. Kivuli cha mnazi, kwa upande mwingine, tunawasihi mkiache, kwani nazi haipigi hodi.

Jambo la pili ni upepo na mchanga. Vigingi vyembamba vya chuma vinavyouzwa pamoja na hema hushika vizuri katika udongo mgumu wa bara, lakini kwenye mchanga mkavu unaweza kuving'oa kwa vidole viwili, na kusi likianza kuvuma usiku hung'oka vyenyewe. Ndiyo maana kila hema letu lina mifuko sita ya turubai tuliyoishona wenyewe. Jaza mfuko mchanga, funga shingo yake kwa kamba ya hema, chimba shimo la kina cha kiwiko, ulaze humo, ufukie, umwagie maji kidogo na ushindilie kwa miguu. Kamba itoke ardhini ikiwa imelala kuelekea hema, isisimame wima. Mlango nao uelekee bara. Tunajua wengi wanatamani kuamka wakitazama jua likichomoza baharini, na tamaa hiyo tunaielewa, lakini kusi hutoka kusini-mashariki na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, hivyo mlango unaotazama bahari unaupokea upepo karibu mwaka mzima, na hema lililojaa upepo huvunja fito zake.

Kuhusu wanyama, fuateni maelekezo ya askari wa hifadhi: pigeni hema katika maeneo yaliyotengwa tu, chakula, hasa matunda, kilale ndani ya gari, na mtu asitembee gizani peke yake. Tunaongeza ombi moja kutoka moyoni. Ufukwe wa Madete, ulio ndani ya hifadhi hii, hutagiwa mayai na kasa wa kijani, na vifaranga vyao hutafuta bahari kwa kufuata mwanga ulio mbele yao. Tochi au moto wa mtu mmoja unaweza kuvipeleka nchi kavu vikafia huko. Zimeni taa zinazoelekea ufukweni.

Mwisho ni chumvi. Hema linalokunjwa likiwa na unyevu wa bahari hushika ukungu, na zipu yake hukwama kabla ya safari ya tatu. Mkiwa na maji yasiyo na chumvi ya kutosha, zipanguseni zipu kwa kitambaa kilicholowa kabla ya kuondoka. Mkiwa hamna, msijisumbue, tutaliosha sisi. Hatumtozi mtu faini kwa hema lenye mchanga. Tunachoomba ni kwamba mnapolirudisha mtuambie ukweli kama liliguswa na maji ya bahari, ili tulioshe siku hiyohiyo, kwa kuwa kuna familia nyingine itakayolilalia wiki inayofuata.