Usipige mswaki "hapo" si kinywa kizima

Mhariri,

Wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa fizi wa kurejesha mfupa ulioliwa kuzunguka jino huambiwa: "Usipige mswaki hapo." Wakifika nyumbani, "hapo" inakuwa kinywa kizima. Tunaomba nafasi tulieleze, kwa kuwa upasuaji mzuri huharibikia hapa.

Katika upasuaji huu daktari hufunua ufizi, husafisha mzizi, kisha mara nyingi huweka utando mwembamba juu ya pengo la mfupa ulioliwa. Ufizi huota haraka kuliko mfupa. Bila kizuizi, huteremka kando ya mzizi na kuliziba pengo kabla mfupa haujaota. (Utando mwingi hutengenezwa kwa kolajeni, aina ya protini, ya nguruwe au ng'ombe. Mgonjwa ana haki ya kuuliza mapema.)

Lakini utando hauna mishipa ya damu, hivyo hauwezi kujitetea. Bakteria waliomo kwenye mate na kwenye ukoga wa meno jirani hujishikiza juu yake, na ufizi ukiachia kwenye mshono, huingia ndani kwa kuufuata. Porphyromonas gingivalis, bakteria hatari wa ugonjwa wa fizi, humeng'enya kolajeni, na kizuizi huisha kabla ya kumaliza kazi yake. Ndiyo maana si sahihi kumpasua mtu ambaye fizi zake bado zinatoka damu kila upande. Ugaga (ukoga uliokuwa mgumu) uondolewe kwanza, sukari idhibitiwe, sigara ziachwe.

Baada ya upasuaji, sehemu yenye mshono isiguswe na mswaki, wala mswaki wa mti, kwa muda aliotaja daktari, mara nyingi wiki 4 hadi 6. Meno mengine yote yapigwe mswaki mara mbili kwa siku. Sukutua klorheksidini, dawa ya maji ya kuua bakteria kinywani, asubuhi na usiku: ya asilimia 0.12, mililita 15 kwa sekunde 30. Ya asilimia 0.2, mililita 10 kwa dakika 1. Tema, usisuuze kwa maji. Pisha nusu saa baada ya dawa ya meno, kwa kuwa povu lake huipunguzia klorheksidini nguvu. Meno yakipata rangi ya kahawia usiache klorheksidini. Rangi hiyo husafishwa kliniki. Maji ya chumvi hayachukui nafasi ya klorheksidini. Na usivute mdomo kila saa ujitazame kwenye kioo, unalegeza nyuzi.

Ukiona kitu cheupe kinachungulia kwenye mshono, huenda ni utando, si chakula. Usikichokonoe kwa kijiti. Rudi kliniki siku hiyohiyo. Utando wa kolajeni mara nyingi huachwa na kusafishwa, ila ule usioyeyuka huenda ukalazimika kutolewa mapema. Kumeza antibaiotiki zilizobaki nyumbani hakusaidii: bakteria waliojenga ukoga hawafikiwi kirahisi na vidonge.

Kwa wenzetu wa kliniki: mpeni mgonjwa karatasi ya Kiswahili inayotaja jino lisiloguswa na tarehe ya kuanza kulipiga mswaki tena.

Madaktari wa kinywa na meno,
Dar es Salaam