Safari ya Speyer Jumamosi: saa imebadilika

Habari zenu wapendwa,

Tunakutana saa 3 asubuhi, si saa 4, mlango mkuu wa stesheni ya Mannheim. Mchango ni euro 15 kila mmoja, umfikie mweka hazina kabla ya Alhamisi jioni.

Tunakwenda Historisches Museum der Pfalz, makumbusho ya historia mjini Speyer, kuiona ile chupa ya mvinyo wa Kirumi, ya karne ya 4, iliyofukuliwa kaburini mwaka 1867. Haijafunguliwa hadi leo! Sogeeni karibu muone vishikio vyake vya umbo la pomboo. Mafuta ya zeituni yaliyomiminwa juu ya mvinyo ndiyo yaliyozuia hewa.

Mama Neema, tusaidie chai ya njiani. Watoto waje.

Tafadhali jibuni "Nipo" au "Sipo" leo, na idadi ya watu, tukate tiketi.

Asanteni sana.