Kwako uliyesugua jiwe la Mama

Mdogo wangu,

Umesikia kwa watu kwamba bado nina kinyongo. Umesikia sawasawa.

Ile brashi ya waya naikumbuka hadi rangi ya mpini. Nilikukuta umepiga magoti, umekunja mikono ya shati, ndoo ya dawa pembeni, na upande wa kivuli wa jiwe la kaburi umekuwa mweupe kama jino. Ukanitazama kwa furaha. "Nimemtoa Mama kwenye uchafu." Miguuni pako vipande vya kijani vilikuwa vikielea. Vile nilivyovichora miaka mitatu, msimu hadi msimu, nikilala kifudifudi hadi wapita njia wakadhani nalia.

Ukoga, uliuita. Sawa, hata mimi nauita hivyo, maana jina zuri hatujaupa. Lakini si uchafu, wala si kuvu. Ni mmea, ule Waingereza huuita moss. Hauna mizizi ya kunyonya maji. Hunywa kwa majani yake, na majani yenyewe mengi ni membamba, unene wa seli moja tu. Ndiyo maana dawa yako haikuhitaji hata saa nzima.

Kuna aina 12,000 hivi duniani. Nyingi huzitofautishi bila kutazama seli za jani kwa hadubini, nami sikuwa nimepeleka hata kipande. Nilikuwa nangoja zile kapsuli za mbegu-vumbi zikomae. Huenda ilikuwa aina ya kawaida kabisa. Huenda ilikuwa adimu. Mwaka 2014 wanasayansi walieleza jinsi ukoga uliokaa kwenye barafu ya kisiwa cha Signy, kule Antaktika, zaidi ya miaka 1,500 ulivyochipua tena. Barafu iliuhurumia. Wewe, ndugu yangu!

Nakushauri basi: kabla hujasugua kitu, kinyunyizie maji, ungoje. Ndivyo nilivyofanya kwenye maonyesho yangu. Michoro mikubwa ukutani, kapsuli zimekuwa kama mitungi yenye vifuniko. Chini yake vishungi vikavu vya ukoga, chupa ya maji na lenzi. Mzee mmoja alinyunyiza, akakaa kuangalia majani yakijikunjua, kisha akaniuliza ataupata wapi mmea huo. Nikamwambia nyuma ya nyumba yako. Haeckel naye, yule mwanabiolojia Mjerumani aliyechora viumbe, mwaka 1904 aliupa ukoga ukurasa mzima wa picha, sawa na viwavi wa baharini, na hakuna aliyemwambia amepoteza karatasi. Wewe ulikaa dakika tano, ukatazama saa, ukauliza nimelipa kiasi gani kukodi ukumbi.

Usidhani napenda majani kuliko Mama. Najua unavyosema. Wiki zile za mwisho mimi nilikuwa mlimani nahesabu vishungi kwenye mwamba, kwa sababu kazi ile haikuwa na mtu mwingine, na kwa sababu uliniambia kwenye simu kwamba anaendelea vizuri. Uliniambia hivyo. Wewe ndiye uliyemlisha, ukamgeuza, ukamwogesha kila asubuhi. Ulivyoshika ile brashi siku ile, taratibu kwenye herufi za jina lake, nguvu pembeni… nimeliona hilo baadaye sana.

Nyuma ya jiwe, chini kabisa, brashi haikufika. Kimebaki kipande cha ukubwa wa kidole gumba. Usikiguse. Nikija mwezi ujao nitabeba lenzi mbili.