Albamu nzima, mikono miwili tu

Ndugu Mhariri,

Vijana wetu wanaopenda roki nzito ya blaki metali wanakata tamaa kwa kukosa wenzao wa kuunda bendi. Bendi si lazima. Mwaka 2012, Austin Lunn wa Marekani, kupitia mradi wake wa Panopticon, alitoa albamu ya Kentucky. Karibu kila ala kaipiga mwenyewe, akatia na banjo ya kwao pamoja na habari za wachimba makaa ya mawe. Sisi tunayo udi na ganuni!

Kinachowaangusha wengi wanaorekodi peke yao ni mpangilio. Anza na ngoma, juu ya mdundo wa kuhesabia. Ukianza na gitaa, ngoma zitalikimbiza mpaka mwisho wa wimbo. Gitaa lipigwe mara mbili, moja kulia, moja kushoto. Kunakili pigo lile lile upande wa pili hakusaidii, maana sikio hulisikia katikati. Mkwaruzo wa sauti ya gitaa (distortion) nao upunguze hadi nusu, kwani magitaa mawili yakikutana hujazana yenyewe. Ukizidisha, noti zote huwa mvumo mtupu. Kuimba kwa sauti ya kukoroma kuache mwisho, koo lisichoke mapema, na feni izimwe. Najua joto la kaskazi lilivyo, lakini mvumo wa feni ukishaingia kwenye rekodi hautoki vizuri.

Nyuzi zipanguswe kwa kitambaa kikavu kila umalizapo. Hewa ya bahari huzitia kutu upesi.

Ukurasa wenu wa burudani uwape nafasi vijana hawa.

Msomaji wenu,
Ng'ambo, Unguja