Betri mbili za gari zisiungwe kienyeji

Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Naomba nafasi niseme na wenzangu wenye magari ya kulala na ya biashara hapa Pemba, maana hii habari ya betri mbili inatuumiza na tunanyamaza tu.

Mie nina Hiace, nimetoa viti vya nyuma nimetia kitanda, taa na friji dogo la volti 12, wavuvi wakenda dago, yaani kambi ya uvuvi, nawafuata. Fundi mmoja akanifungia betri ya pili akaiunga moja kwa moja na ya mbele, chanya kwa chanya hasi kwa hasi, kwa waya mwembamba kama wa spika, akanambia ushamaliza. Usiku wa tatu kule Kigomasha friji likazinyonya zote mbili, alfajiri nageuza ufunguo nasikia tik tik tik basi, na pweza wa mama mmoja nilomuahidi kumfikishia Konde washaanza kutoa harufu. Wallahi niliona haya.

Mzee mmoja fundi wa Wete ndo alonifungua macho. Kawasha injini kapima kwa mita, mbele volti 14.2, nyuma 13.1, volti 1.1 inapotelea kwenye ule waya, na ukiugusa mpira wake umelainika kama halua. Akafunga rilei, swichi inayojiwasha na kujizima yenyewe, inayounganisha betri pale altaneta, ile dinamo ya injini inayochaji betri, inapofikisha kama volti 13.3 na kuachia zikishuka 12.8, kwa hiyo gari likizimwa friji linakula betri yake tu, ya starta haiguswi. Waya akatia wa milimita mraba 16 na fyuzi mbili, moja karibu na kila betri. Jamani fyuzi msiziache, waya ule una umeme pande zote mbili, ukikwaruza bodi gari linaungua na mtu kalala ndani.

Na safari zetu fupi, Wete hadi Konde si mbali, betri ya amp-saa 100 iloshuka nusu hata ukiipa amp 20 inataka masaa mawili na nusu na zaidi kwani ikikaribia kujaa inapokea kidogo kidogo, ndo maana nimeongeza sola juu ya paa. Wenye betri za lithiamu rilei hii haiwatoshi, betri zile zinavuta sana altaneta ikapata moto, zina chaja yao ya kukaa katikati ya betri mbili.

Ombi langu, vijana wanaosomea umeme wa magari kwenye vituo vya mafunzo ya amali wafundishwe hili kwa mikono yao, na wenye maduka ya spea watuletee rilei hizi huku Pemba, yangu nimeagiza Unguja nimeingoja wiki mbili.

Msomaji wako,
Wete, Pemba